Maji na kutu kwenye mtambo wa biogesi: mwongozo kamili kuanzia koki ya kuba hadi jenereta

Mtambo wa biogesi ukianza kusumbua, watu wengi huanzia jikoni. Jiko linafunguliwa, linasuguliwa, pengine linanunuliwa jipya, na baada ya muda mfupi moto unaanza tena kurukaruka. Mara nyingi ugonjwa hauko kwenye jiko. Uko kwenye bomba lililofukiwa kati ya mtambo na nyumba, mahali ambapo maji yametuama na hayana pa kutokea. Na maji hayohayo ndiyo yanayoisaidia gesi ya salfa kula koki, nati na jeti, yaani kile kipande chenye kitundu kinachopulizia gesi ndani ya jiko. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na maji, halafu salfa, halafu vyuma. Ukiruka maji ukakimbilia kununua kichujio, utakuwa unanunua vichujio kila msimu.

Naandika hasa kwa mwenye mtambo wa kuba, ule unaojengwa kwa matofali na zege chini ya ardhi, ambao CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini kilichopo Arusha, imekuwa ikiueneza tangu miaka ya 1980. Ndio ulioenea zaidi kwa wafugaji wetu wa ng'ombe wa maziwa. Mwenye mtambo wa mfuko wa plastiki atakuta maelezo yake humu ndani, na mwenye jenereta asome mpaka mwisho.

Maji yanatoka wapi

Gesi ndani ya mtambo imekalia tope lenye maji mengi, kwa hiyo inatoka ikiwa imebeba mvuke wote inaoweza kuubeba. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, mita moja ya ujazo ya gesi hubeba takriban gramu 23 za maji. Gesi hiyo ikipoa hadi nyuzi 15 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 13 hivi. Gramu 10 zinazobaki hugeuka matone na kuteremka kwenye ukuta wa bomba.

Gramu 10 zinaonekana kidogo, lakini piga hesabu. Familia inayotumia mita 2 za ujazo kwa siku inaweza kukusanya gramu 20 kila siku, yaani robo lita kabla wiki mbili hazijaisha. Robo lita hiyo ikiingia kwenye bomba la nusu inchi inajaza karibu mita moja na nusu ya bomba. Maeneo ya baridi kama Marangu, Lushoto, Njombe au Limuru, ambako usiku wa Juni na Julai ardhi inapoa sana, maji yanakuwa mengi zaidi. Kipindi hichohicho bakteria nao wanazubaa kwa baridi na gesi inapungua kweli, kwa hiyo mwenye mtambo analaumu gesi pekee kumbe ana matatizo mawili kwa pamoja.

Salfa nayo inatoka kwenye chakula cha mtambo. Biogesi ni methani, kati ya asilimia 50 na 70, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni kaboni dayoksaidi. Ndani yake kuna kiasi kidogo cha hidrojeni salfaidi, ile inayonuka kama yai viza. Ikiwa kavu, gesi hii haina nguvu kubwa kwa chuma. Ikikuta maji inayeyuka na kuyafanya asidi. Ikikuta maji pamoja na hewa, taratibu inazaa asidi ya salfuriki, na hiyo haibagui: inakula zinki ya bomba la bati, inakula chuma chenyewe, inakula shaba.

Kinyesi cha ng'ombe hutoa salfa ya wastani. Kinyesi cha kuku, damu na mabaki ya machinjioni hutoa nyingi zaidi kwa sababu yana protini nyingi. Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni maji ya kuchanganyia: maji ya kisima kirefu yenye salfeti nyingi yanaongeza salfa kwenye gesi, kwa kuwa bakteria wa mtambo huigeuza salfeti hiyo kuwa hidrojeni salfaidi. Kama una maji ya mvua au ya mto, changanyia hayo.

Hatua ya 1: Jua unachougua kabla hujafungua kitu

Washa jiko, kisha angalia geji na moto kwa wakati mmoja. Moto ukipanda na kushuka kwa mpigo, na mshale wa geji ukicheza kwa mpigo huohuo, una maji kwenye bomba. Gesi inasukuma, inapenya kwenye maji kwa kiputo, maji yanarudi kuziba, inasukuma tena. Ukiweka sikio karibu na bomba jikoni utasikia mguguno. Dalili hii haidanganyi.

Moto ukiwa mdogo lakini umetulia, huku geji ikionyesha presha nzuri, tatizo ni uchafu. Fungua jeti ya jiko uikague kwenye mwanga. Ukikuta unga mweusi, au ukoko wa kijani au mweupe kwenye tundu, hiyo ni kutu ya koki au ya bomba iliyosafirishwa na gesi hadi pale. Na presha ikishuka usiku kucha huku koki zote zimefungwa, una mvujo. Mvujo unapokuwa kwenye nyuzi za bomba la chuma, kutu ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Kupima salfa nyumbani si kazi ngumu. Chukua kipande cha waya wa shaba wa umeme, kikwangue mpaka king'ae, kisha kifunge mbele ya bomba la jiko lililochomolewa, nje penye upepo. Achia gesi kidogo kwa dakika chache, moto wowote ukiwa mbali. Waya ukibaki na rangi yake, salfa ni kidogo. Ukianza kuwa wa kahawia kisha ukawa mweusi, unahitaji kichujio. Kipimo hiki hakikupi namba, lakini kinatosha kwa uamuzi wa jikoni. Kwa jenereta, tafuta fundi mwenye kifaa cha kupimia.

Kabla ya kufungua bomba lolote

Nasisitiza hapa kwa sababu watu wamepoteza maisha. Pua yako inanusa hidrojeni salfaidi hata ikiwa chini ya sehemu moja katika milioni, lakini ikifika karibu sehemu 100 pua inakufa ganzi na harufu inapotea. Mtu anadhani gesi imekwisha kumbe imezidi. Ikifika sehemu 500 na zaidi inaua kwa muda mfupi. Tena ni nzito kuliko hewa, hivyo inatuama kwenye mashimo na chemba.

Kwa hiyo: funga koki kuu juu ya kuba. Choma gesi iliyobaki kwenye bomba kupitia jiko mpaka izimike yenyewe, kisha funga koki ya jiko. Zima sigara, mkaa na kibatari, maana methani inalipuka ikichanganyika na hewa kwa kiwango cha asilimia 5 hadi 15. Chemba ya mtego wa maji, yaani shimo la kifaa kinachokusanya maji ya bomba, ifunuliwe na kuachwa wazi kwa muda, na usiingize kichwa ndani. Usishuke kamwe ndani ya mtambo wenyewe, hata ukiwa mtupu, hata kumwokoa mtu, bila kuingiza hewa safi na bila watu wa kukuvuta kwa kamba.

Hatua ya 2: Nyoosha mteremko wa bomba

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo mafundi wengi wanapoharakisha. Bomba la gesi halilazwi kama bomba la maji. Lazima literemke mfululizo, bila tumbo katikati, angalau sentimita 1 kwa kila mita. Mimi napendelea 2. Bomba la mita 20 liwe na tofauti ya sentimita 20 hadi 40 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kuna njia mbili:

Kama nyumba iko juu kuliko mtambo, bomba literemke kuelekea mtamboni. Maji yatarudi yenyewe ndani ya kuba na hutahitaji mtego njiani. Hii ndiyo njia bora, na ukiwa bado hujajenga, chagua eneo la mtambo kwa kuzingatia hili.

Kama mtambo uko juu kuliko nyumba, au ardhi inapanda na kushuka, chagua sehemu moja ya chini kabisa, na pande zote mbili za bomba ziteremke kuelekea hapo. Mtego wa maji unakaa hapo. Sehemu mbili za chini zinahitaji mitego miwili. Hakuna njia ya mkato.

Bomba la zamani likaguliwe kwa mpira wa levo, ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani ambao waashi hutumia. Pima maji ya mkono peke yake inadanganya kwenye umbali mrefu. Fukua mtaro, tandika mchanga chini, lalisha bomba, pima kila mita mbili, ndipo ufukie. Kina cha sentimita 30 hadi 50 kinatosha shambani, na pale gari au ng'ombe wanapopita, ingiza bomba ndani ya bomba kubwa zaidi la kulikinga. Ukilazimika kupitisha bomba la plastiki juu ya nguzo, liegemeze kila mita moja kwenye ubao ulionyooka. Bomba la plastiki likipata jua linalegea, na katikati ya nguzo mbili linatengeneza tumbo la kuwekea maji.

Kwa umbali unaozidi mita 20 hivi, tumia robo tatu inchi badala ya nusu inchi. Tone linaloziba bomba jembamba halifanyi kitu kwenye bomba pana.

Hatua ya 3: Jenga mtego wa maji unaofaa presha yako

Mtego unaoonekana zaidi vijijini ni mpira uliopindwa kama herufi U na kujazwa maji. Ni mzuri kwa mtambo wa mfuko, ambao presha yake ni sentimita chache tu za maji, yaani kimo cha maji ambacho gesi inaweza kukisukuma juu. Kwenye mtambo wa kuba ni hatari. Kuba likijaa gesi, presha inaweza kufika sentimita 100 za maji au kupita kidogo. U yenye kina cha sentimita 30 itatema maji yake nje siku ya kwanza gesi ikijaa, na gesi itavuja usiku kucha bila mtu kujua. Kwa kuba, U ingehitaji kina cha mita 1 na sentimita 30, shimo ambalo hakuna anayependa kulichimba.

Kwa kuba, jenga hivi. Mahali pa chini kabisa weka tii, kiungo chenye midomo mitatu kama herufi T. Kwenye mdomo wa tii unaotazama chini, unganisha bomba la PVC la inchi 2 lenye urefu wa sentimita 50, lisimame wima. Chini yake weka kipunguzio na koki ya plastiki ya nusu inchi. Bomba hilo linabeba karibu lita moja ya maji, kwa hiyo kwa familia tuliyoipigia hesabu linachukua zaidi ya mwezi kujaa. Wengine huweka bomba la robo tatu inchi la sentimita 30: hilo linabeba chini ya mililita 100, siku nne tano limejaa, na mtego unakuwa kero mpaka mwenyewe anaachana nao.

Chemba ya mtego jenga kwa matofali, sakafu ibaki changarawe ili maji yanywewe na ardhi, na mfuniko uwe na matundu ya hewa. Kumwaga maji: funua, subiri, fungua koki kidogo. Maji yatatoka, ukisikia sauti ya gesi, funga. Maji yenyewe yanaweza kuwa meusi na kunuka. Yamwage kwenye shimo, mbali na kisima.

Mwenye mtambo wa mfuko anahitaji chupa tu. Weka tii kwenye bomba, ingiza mguu wake ndani ya chupa ya plastiki yenye maji, uzame sentimita 8 hadi 10, na toboa chupa matundu pembeni usawa wa maji. Maji ya mvuke yatakusanyika humo na yakizidi yatamwagika kwenye matundu. Presha ikizidi, gesi itatoka kupitia maji kabla mfuko haujapasuka. Kiangazi chupa inakauka. Ikaguliwe kila wiki na kujazwa, la sivyo gesi yote itaishia hewani.

Hatua ya 4: Kichujio cha salfa

Kutu, adui yetu kwenye koki, ndiyo dawa yetu kwenye kichujio. Hidrojeni salfaidi ikipita kwenye kutu ya chuma inashikwa na kugeuka salfaidi ya chuma, kitu cheusi. Kwa hesabu ya kemia, kilo moja ya kutu safi inaweza kushika gramu 640 za hidrojeni salfaidi. Kwa vitendo unapata sehemu ndogo tu ya hiyo, kwa kuwa gesi haigusi kila punje.

Chukua pamba ya chuma ya kawaida, isiyo ya chuma kisichoshika kutu. Ile stilwaya inayong'aa miaka na miaka bila kutu haifai. Ioshe kwa sabuni kuondoa mafuta, iloweke kwenye maji yenye chumvi kidogo, kisha iache nje siku kadhaa mpaka iwe nyekundu yote. Isuuze chumvi. Wenye karakana karibu wanaweza kuchukua chengachenga za chuma kutoka kwenye mashine ya kerezo, waziivishe kutu vivyo hivyo na kuzichanganya na maranda ya mbao ili gesi ipite. Udongo mwekundu wenye chuma nao hufanya kazi, ila unashikana na kuziba. Changanya na maranda na utegemee kuubadilisha mara kwa mara.

Jaza kwenye bomba la PVC la inchi 3 au 4 lenye urefu wa nusu mita, likisimama wima, gesi iingie chini na kutokea juu. Usishindilie. Weka yunioni (kiungo kinachofunguka bila kukata bomba) pande zote mbili ili uweze kulichomoa, na koki kabla na baada yake. Kama unapata chombo kinachoonyesha ndani, ni bora zaidi: utaona weusi ukipanda kutoka chini siku hadi siku. Ukifika robo tatu ya urefu, badilisha.

Mpangilio una maana sana. Mtego wa maji unatangulia, kichujio kinafuata. Usiweke kikaushio kabla ya kichujio, kwa sababu kutu inahitaji unyevu kidogo ili ishike salfa. Ikikauka kabisa, inalala. Kazi hiyo yenyewe inazalisha maji, hivyo baada ya kichujio uwe na mtego mwingine mdogo au mteremko unaorudi nyuma.

Sasa tahadhari ambayo haiandikwi kwenye vifungashio vingi. Kichujio kilichochoka kikikutana na hewa kinapata moto chenyewe, na kinaweza kuwaka. Kikimbize nje mara tu unapokifungua, kinyunyizie maji, kitandaze kwenye udongo mtupu mbali na nyasi na banda. Kisitupwe kwenye ndoo ya taka jikoni. Baada ya siku moja au mbili kitarudi rangi ya kahawia nyekundu na unaweza kukitumia tena mara chache, mpaka salfa ya njano ikijaa na gesi kushindwa kupita.

Hatua ya 5: Badilisha vyuma visivyofaa

Mabomba ya shaba yaliyobaki kwenye mfumo wa gesi ya mtungi yasitumike kwenye biogesi. Shaba ndiyo inayoliwa haraka kuliko zote, na koki za manjano zina shaba ndani yake: kipira kinakuwa cheusi, kinakaza, siku moja mkono wa koki unakatika ukiwa umebaki wazi. Kwenye bomba tumia PVC lililofukiwa, au bomba jeusi la polithini, ambalo pia linavumilia jua. Mbele ya jiko tumia mpira wa gesi, uukunje kila baada ya miezi michache kuona kama una nyufa, na ubadilishe ukianza kupasuka.

Koki kuu ya kuba ndiyo ambayo singebana bei yake. Nunua ya chuma kisichoshika kutu kama mfuko unaruhusu, kwa sababu ikikwama wazi huna namna ya kufanya kazi salama kwenye mfumo wote. Kama ni ya manjano, ifunge na kuifungua kila wiki isigande.

Bomba la bati linalotoka kwenye zege la kuba huliwa zaidi kwenye nyuzi, kwa kuwa fundi alipokata nyuzi alikwangua zinki yote. Zisugue kwa brashi ya waya, funga tepu ya teflon ya kutosha, kisha paka lami juu ya kiungo chote na sentimita chache za zege. Tanga, Mombasa na Unguja, hewa ya chumvi inalishambulia bomba hilo hata kwa nje. Lipakwe upya kila mwaka. Kila kiungo ulichogusa kipime kwa povu la sabuni gesi ikiwa imejaa, kamwe si kwa kiberiti.

Jeti ya jiko isafishwe kwa kijiti cha mti laini. Sindano ya chuma inapanua tundu, na jiko likishapanuliwa tundu halirudi kuwa na moto wa bluu.

Kwa mwenye jenereta

Injini inaumia zaidi kuliko jiko. Salfa ikiungua ndani ya silinda inatoa gesi chachu, na injini ikiwa ya baridi gesi hiyo inakutana na maji ya mvuke na kuingia kwenye oili kama asidi. Bushi zenye shaba zinaliwa kimyakimya. Kwa hiyo kichujio si hiari hapa, na kiwango cha salfa kinachoingia kwenye injini kishushwe chini ya sehemu 200 katika milioni. Bomba la kwenda kwenye injini lipite ardhini mita kadhaa ili gesi ipoe na kuacha maji yake kwenye mtego kabla ya kufika.

Washa kwa petroli au dizeli, subiri ipate joto, ndipo uingize biogesi. Kabla ya kuzima, funga biogesi na uiache injini iungurume kwa petroli au dizeli pekee dakika tano au zaidi, ili gesi chachu na unyevu vitoke. Epuka kuiwasha kwa robo saa robo saa mara nyingi kwa siku. Ni afadhali saa tatu mfululizo jioni. Badilisha oili mapema kuliko kitabu cha injini kinavyosema. Na ukichomoa kijiti cha oili ukakuta imekuwa nyeusi tii muda mfupi baada ya kubadilishwa, usisubiri tarehe: imwage, kisha ukakague kichujio siku hiyohiyo.